Maji ya Ziwa Victoria hadi Isevya: Namna Mikataba ya Kuuziana na Kugawana Maji Inavyofanya Kazi

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Maji ya Ziwa Victoria yanayotoka bombani katika kata ya Isevya, Manispaa ya Tabora, yamechotwa katika mkoa mwingine, yamesafishwa na taasisi nyingine, yamepita katika maeneo ya halmashauri kadhaa na yameuzwa mara moja kabla ya kufika nyumbani kwa mlaji, ambako huuzwa mara ya pili. Ankara anayoipokea mwananchi mwishoni mwa mwezi ni kiungo cha mwisho katika mnyororo wa mikataba, na mikataba hiyo ndiyo huamua kama bomba litatoa maji, kwa bei gani, na nani atawajibika yasipotoka.

Wananchi wengi huifahamu ankara, lakini hawaifahamu mikataba iliyo nyuma yake. Ndiyo maana huduma inapoyumba lawama huelekezwa kwa diwani, kwa mkurugenzi wa manispaa, au kwa fundi aliyeonekana mtaani siku hiyo, hata pale ambapo hitilafu imetokea umbali wa mamia ya kilomita. Makala hii inaeleza nani anamuuzia nani maji, bei hupangwaje, miji jirani hugawanaje rasilimali moja, na mwananchi ana haki gani katika mpangilio huo.

Kwa nini Tabora inanunua maji

Mji wa Tabora upo katika nyanda za ndani zisizo na ziwa wala mto mkubwa wa kudumu. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, pamoja na visima. Bwawa hutegemea mvua, na mvua zikipungua kina hushuka, gharama ya kuyatibu maji hupanda na mgao huanza. Wakati huohuo watu wameongezeka. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Manispaa ya Tabora pekee ina wakazi zaidi ya 300,000.

Uhaba huo si mpya. Katika karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwezi Julai mwaka 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti mwaka huohuo akaliona Ziwa Nyanza, ambalo alilipa jina la Victoria. Msafara ulichukua majuma kadhaa kwa miguu. Leo maji ya ziwa hilo hufanya safari ya kinyume, kutoka kaskazini kuja Tabora, ndani ya bomba.

Njia ya maji

Safari hiyo huanzia Ihelele, wilayani Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Hapo ndipo kilipo chanzo na mtambo wa kusafisha na kutibu maji unaoendeshwa na Mamlaka ya Maji Kahama Shinyanga, inayojulikana kwa kifupi KASHWASA. Mradi huo ulijengwa kwanza kwa ajili ya miji ya Shinyanga na Kahama pamoja na vijiji vilivyo kando ya bomba kuu.

Baadaye Serikali iliamua kuliendeleza bomba kutoka Solwa, mkoani Shinyanga, kwenda Nzega, Igunga na Tabora. Upanuzi huo uligharamiwa kwa mkopo wa masharti nafuu wa Dola za Marekani milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, na ulizinduliwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2021. Maji hayo pia yalifikishwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Tawi jingine linahusisha Tinde, mkoani Shinyanga, na Shelui, wilayani Iramba, Mkoa wa Singida. Aidha, miji ya Sikonge, Urambo na Kaliua imo katika mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa Chamwino, Dodoma, mwezi Juni 2022.

Kwa hiyo chanzo kimoja cha Ihelele sasa kinategemewa na wakazi wa mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Tabora na Singida. Hakuna halmashauri moja kati ya zote hizo ambayo ingeweza kukijenga peke yake, na hakuna inayoweza kukiendesha peke yake. Kila anayefungua bomba upande mmoja anagusa shinikizo la maji la mwenzake upande mwingine. Hapo ndipo umuhimu wa mikataba unapoonekana.

Nani ni nani

Jambo la kwanza ambalo mwananchi anapaswa kulielewa ni kwamba Halmashauri ya Manispaa ya Tabora haiuzi maji. Huduma ya maji mjini hutolewa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tabora, yaani TUWASA. Mamlaka hiyo ipo chini ya Wizara ya Maji, ilhali halmashauri ipo chini ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 imegawa majukumu hayo. Mamlaka za maji huhudumia miji. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria hiyo, husimamia maeneo ya vijijini kwa kushirikiana na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. KASHWASA iko katika kundi la mamlaka za miradi ya kitaifa. Kazi yake kubwa ni kuzalisha maji na kuyauza kwa jumla kwa mamlaka nyingine, ambazo nazo huyasambaza kwa walaji.

Anayesimamia wote hao kwa upande wa bei na ubora wa huduma ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kibali cha kuchota maji kutoka ziwani, mtoni au ardhini hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009.

Halmashauri ina kazi nyingine ambazo si ndogo. Hupanga matumizi ya ardhi ambayo bomba linapita, hutunga sheria ndogo za kulinda vyanzo, na shule, vituo vya afya, masoko na machinjio yake ni wateja wa mamlaka ya maji. Halmashauri isipolipa ankara za taasisi zake, ni sehemu ya tatizo, na ikilinda hifadhi ya bomba dhidi ya ujenzi holela, ni sehemu ya ufumbuzi.

Aina tatu za mikataba

Mikataba inayohusu huduma kama hii inaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mikataba ya ununuzi wa bidhaa, kazi na huduma kutoka kwa wazabuni. Mabomba, dira, viunganishi, dawa za kutibu maji na huduma za ufundi hupatikana kwa njia hii. Mikataba hiyo inaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024. Zabuni hutangazwa na kuchakatwa katika Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma, maarufu kama NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Mzabuni asiyeridhika ana haki ya kulalamika kwa taasisi nunuzi, kisha kukata rufaa kwenye Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Sheria pia imetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu, ambayo ni vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Kundi la pili ni mikataba ya kuuziana maji kwa jumla baina ya taasisi mbili za umma. Muuzaji ni mamlaka inayozalisha na mnunuzi ni mamlaka inayosambaza. Katika kundi hili hakuna zabuni, kwa sababu hakuna ushindani. Tabora haiwezi kuitisha wazabuni watano wa maji ya ziwa ili imchague mwenye bei nafuu. Bomba ni moja. Katika kundi la kwanza mnunuzi hulindwa na ushindani. Katika kundi la pili hulindwa na mdhibiti, na ndiyo sababu bei ya maji ya jumla hupitishwa na EWURA.

Kundi la tatu ni makubaliano ya ushirikiano baina ya halmashauri jirani. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, zimeweka nafasi ya halmashauri kufanya kazi pamoja kupitia kamati za pamoja. Jirani wa Manispaa ya Tabora ni Wilaya ya Uyui, na mambo mengi yaliyo kati yao hayajui mpaka. Mvulana wa Uyui husoma mjini, mkulima wa Uyui huuza mazao katika masoko ya mjini, na mto unaojaza bwawa la mjini hupita katika mashamba ya vijijini. Kulinda eneo linalopeleka maji bwawani, kudhibiti moto na ukataji miti, au kutumia dampo moja ni mambo ambayo halmashauri mbili hulazimika kukubaliana, kwa maana jitihada za upande mmoja zinaweza kubatilishwa na uzembe wa upande wa pili.

Yaliyomo katika mkataba wa mauziano

Mkataba mzuri wa kuuziana maji kwa jumla hujibu maswali machache kwa uwazi. La kwanza ni kiasi: muuzaji anaahidi uniti ngapi kwa siku, na mnunuzi anaahidi kununua kiasi gani? Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. La pili ni ubora, unaopaswa kufikia viwango vya maji ya kunywa vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

La tatu ni mahali pa kukabidhiana. Hili huonekana dogo, lakini ndilo chanzo cha migogoro mingi. Maji hukabidhiwa penye dira kubwa iliyofungwa mahali palipokubaliwa. Yakivuja kabla ya dira hiyo, hasara ni ya muuzaji. Yakivuja baada yake, hasara ni ya mnunuzi. Kwa sababu hiyo dira lazima ihakikiwe, na pande zote mbili ziwe na haki ya kuisoma.

La nne ni bei na muda wa malipo. La tano ni dharura: umeme ukikatika, bomba likipasuka au pampu ikiharibika, nani anatoa taarifa kwa nani, na kwa muda gani? La sita ni upungufu: maji yasipotosha, kila mnunuzi anapunguziwa kwa uwiano gani? La saba ni namna ya kutatua mgogoro kabla haujamfikia mlaji.

Swali la sita ndilo zito kuliko yote. Wakati wa neema kila mtu hupata. Ni wakati wa upungufu ndipo Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga na Tabora hugeuka kuwa washindani wa lita ileile. Kama uwiano haukuandikwa mapema, aliye karibu na chanzo hupata kwanza na aliye mwisho wa bomba husubiri. Tabora iko mbali na Ihelele. Kwake maandishi hayo ni kinga.

Bei inavyopatikana

Ziwa Victoria lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabora ipo takriban mita 1,200. Maji hayateremki kuja Tabora, yanasukumwa. Hivyo umeme wa kuendesha pampu ni gharama kubwa katika kila uniti inayofika Isevya, pamoja na dawa za kutibu maji, matengenezo na mishahara.

Mamlaka ya maji ikitaka kubadilisha bei huwasilisha maombi EWURA. Mdhibiti huendesha taftishi, yaani uchunguzi wa wazi ambao wananchi, viongozi wao na wadau wengine huitwa kutoa maoni, kisha hutoa uamuzi kwa amri ya bei. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) huwasemea walaji katika hatua hiyo. Mkutano wa taftishi ni mahali pa kuuliza maswali magumu, na swali gumu kuliko yote ni hili: maji mangapi yananunuliwa, na mangapi yanauzwa?

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, usiohusu mamlaka yoyote. Mamlaka inanunua uniti 100 kwa shilingi 1,000 kila moja, jumla shilingi 100,000. Kama uniti 30 zinapotea kwa mabomba yanayovuja, dira mbovu na watu waliojiunganishia kwa wizi, zinabaki 70 za kuuza. Ili kurudisha tu fedha ya kununulia maji, kila uniti iliyobaki lazima ibebe shilingi 1,429 hivi. Upotevu ukishuka hadi uniti 20, kila uniti hubeba shilingi 1,250. Tofauti hiyo ya takriban shilingi 179 imepatikana kwa kuziba mivujo na kurekebisha dira, bila kugusa bei ya muuzaji.

EWURA huchukulia kiwango cha upotevu kisichozidi asilimia 20 kuwa ndicho kinachokubalika, na kila mwaka huchapisha taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji inayoonesha kila moja imefikia wapi. Mlaji anayelipa kwa wakati anastahili kuisoma taarifa hiyo, kwani maji yaliyopotea hulipwa naye pamoja na wenzake waaminifu.

Deni la mmoja huwa kiu ya wengi

Katika mnyororo huu fedha husafiri kinyume na maji. Mlaji wa Isevya hulipa TUWASA, TUWASA hulipa KASHWASA, nayo KASHWASA hulipia umeme na dawa. Kiungo kimoja kikikatika, vyote vinavyofuata hudhoofika. Ofisi ya umma isiyolipa ankara mjini Tabora huweza kusababisha, baada ya miezi kadhaa, pampu ya Ihelele kukosa kipuri, na anayeumia akawa mkazi wa Nzega ambaye hakudaiwa hata shilingi.

Hali ya namna hii imeonekana mahali pengine barani. Nchini Afrika Kusini, Rand Water, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1903, huuza maji kwa jumla kwa manispaa za Johannesburg, Ekurhuleni, Tshwane na nyingine nyingi. Baadhi ya manispaa hizo zimelimbikiza madeni makubwa, na muuzaji amewahi kupunguza maji kwa wadaiwa ili walipe. Wakazi waliokuwa wamelipa ankara zao walijikuta wakiadhibiwa pamoja na wasiolipa, kwa kuwa fedha zao zilikuwa zimeishia katika ngazi ya manispaa.

Funzo lake ni kwamba malipo ya maji yanapaswa kulindwa yasitumike kwa shughuli nyingine, na ankara za taasisi za umma zinapaswa kulipwa kama za mtu mwingine yeyote. Malipo ya Serikali kwa njia ya namba ya kumbukumbu ya malipo yamesaidia kuhakikisha fedha ya mlaji inafika inakotakiwa. Hatua inayofuata, yaani mamlaka moja kuilipa nyingine kwa wakati, inategemea mkataba na usimamizi wake, na hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Haki ya wanaopitiwa na bomba

Bomba kuu linapita katika vijiji ambavyo kwa miaka mingi vilichota maji katika madimbwi na visima vya kuchimba kwa mkono. Ingekuwa vigumu kumwambia mwanakijiji alinde bomba ambalo linampita mlangoni kwenda kunywesha mji. Kwa sababu hiyo mpango wa mradi ulielekeza kuwa vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vihudumiwe.

Wanyamwezi na majirani zao wanaielewa hoja hii kwa asili. Enzi za misafara, aliyepita katika nchi ya mtemi alilipa hongo, wakati huo likiwa na maana ya ushuru wa njia, ndipo apewe ruhusa ya kupita, kununua chakula na kuchota maji. Waliokaidi waliweza kufungiwa njia. Neno hilo leo lina maana nyingine kabisa, na ni kosa la jinai. Hata hivyo kanuni iliyokuwa chini yake haijafa: anayepitisha mali katika ardhi ya mwenzake hapaswi kumwacha mwenye ardhi mikono mitupu.

Kanuni hiyo imo hata katika mikataba ya mataifa. Mwaka 1986 Lesotho na Afrika Kusini zilisaini mkataba ambao kwao Lesotho huyapeleka maji ya milima yake kwa jirani, nayo hulipwa mrabaha. Kwa Tanzania malipo ya namna hiyo hayahitajiki baina ya mikoa, kwa kuwa maji ni rasilimali ya umma wa nchi nzima. Malipo ya haki kwa vijiji vya njiani ni gati lenye maji ya uhakika.

Ziwa lina wenyewe wengi

Ziwa Victoria linamilikiwa na Tanzania, Uganda na Kenya, na ni chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi yoyote itakayoathiri maji yaendayo Misri isifanywe bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru, Serikali ya Tanganyika ilitamka kuwa haifungwi na makubaliano hayo, kwa kuwa hayakufanywa na Watanganyika. Mradi wa kupeleka maji Shinyanga na Kahama ulipotangazwa mwaka 2004, ulifuata msimamo huo.

Baadaye nchi za bonde hilo zilijadiliana na kuandaa Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kuusaini, mjini Entebbe, tarehe 14 Mei 2010, pamoja na Ethiopia, Rwanda na Uganda. Mkataba huo ulianza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba 2024. Misingi yake ni matumizi ya haki na ya kadiri, na wajibu wa kutomdhuru jirani kwa kiasi kikubwa.

Kuna jambo moja la kijiografia linaloongeza uzito wa wajibu huo. Tabora haipo katika bonde la Ziwa Victoria. Mto Igombe hutiririka kwenda Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika, na mito ya Manonga na Wembere huelekea Ziwa Kitangiri. Maji ya Ihelele yakishavuka kuja Isevya hayarudi tena ziwani. Kuyapoteza kwa bomba bovu ni kuvipora vizazi vya bonde jingine bila kumnufaisha yeyote katika bonde hili.

Chanzo kipya hakifuti cha zamani

Kuna hatari ya kuamini kwamba, kwa kuwa maji ya ziwa yamefika, mabwawa na visima vya zamani havina kazi tena. Mji unaotegemea bomba moja refu unategemea pia kila kilomita ya bomba hilo, kila pampu na kila nguzo ya umeme iliyo njiani. Mpasuko mmoja mkubwa unaweza kuufungia mji mzima.

Igombe na Kazima zina thamani ya akiba. Zikitunzwa, ziweze kuzalisha wakati wa dharura, mnunuzi huwa na nguvu hata mezani pa mazungumzo, kwa sababu mwenye chanzo chake mwenyewe hajadiliani kwa hofu. Zikiachwa zijae tope na mashamba yasogezwe hadi ukingoni, Tabora itakuwa imenunua maji ya mbali kwa kupoteza ya karibu. Kuzilinda ni kazi ya Manispaa, Uyui, TUWASA na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika kwa pamoja, na ni mfano halisi wa jambo linalohitaji makubaliano ya maandishi baina ya majirani.

Mwananchi afanye nini

Kwanza, ajue pa kupeleka lalamiko. Tatizo la ankara, dira au uvujaji lipelekwe kwa mamlaka ya maji, na lalamiko liandikishwe ili liwe na kumbukumbu. Asiporidhika anaweza kulifikisha EWURA, na anaweza kusaidiwa na EWURA CCC.

Pili, aombe taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kiasi cha maji kilichonunuliwa, kilichouzwa na kilichopotea ni taarifa zinazofaa kuombwa.

Tatu, ahudhurie. Mkutano wa mtaa, Baraza la Madiwani na mkutano wa taftishi ni mahali ambapo mambo haya huzungumzwa wazi. Diwani ambaye wananchi wake humuuliza kuhusu ankara za shule na zahanati atakuwa na sababu ya kuuliza swali hilo katika kamati.

Nne, alinde miundombinu. Anayejiunganishia maji kwa wizi hamwibii muuzaji aliye mbali. Anaongeza bei ya jirani yake wa ukuta. Kutoa taarifa ya bomba lililopasuka ni kuokoa maji yaliyokwisha kulipiwa.

Mikataba ya kuuziana na kugawana maji huandikwa na wanasheria, lakini utekelezaji wake hupimwa bombani. Mkazi wa Isevya anayelipa ankara yake ana haki ya kujua fedha hiyo inasafiri wapi, na taasisi zinazoipokea zina wajibu wa kumweleza.